Skripti Yangu ya Kuiondoa Seva Kuukuu

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Siku njema! Bi Kafedha, meneja wetu hapa ofisi ya mizigo Changamwe, ametuita chumba cha kompyuta. Mashine yetu ya Unix ina seva mbili, yaani programu za kupeleka barua pepe, ya zamani na mpya, zinagombana kama wakewenza. Ya zamani iondoke kufikia Ijumaa, isiache hata uzi. Mwenzangu Nicanor akasema ataiondoa kwa mkono, faili moja moja, siku tatu. Nikauona mlango! Nikasema nitaandika skripti, yaani amri zote ndani ya faili moja, mashine izifuate yenyewe. Dakika moja tu. Cheo cha msimamizi wa chumba kiko wazi tangu Juni. Nicanor anakitaka. Hasemi, lakini asiyesema ndiye anayetaka.

Jumanne, 3 Septemba
Nimeiandika ndani ya feri, daftari juu ya goti. Mistari kumi na minne. Nicanor akaomba aione. Nikakataa. Akauliza kama itaisimamisha seva kwanza kabla ya kufuta. Wivu huo. Akauliza, jina la folda likikosewa je? Wivu mtupu. Nyumbani Bofu nikamsomea mke wangu Mwanatabu. Akasema hajaelewa kitu, ila mbona kila mstari ni futa, futa, futa, wala hakuna hata mmoja unaouliza? Nikamwambia mashine si bibi arusi, haiombwi idhini.

Jumatano, 4 Septemba
Ya Rabi!
Saa nne nilimwita Bi Kafedha ashuhudie. Nikabonyeza. Dakika moja ikapita. Tatu. Diski inanguruma. Kumbe juu niliandika jina la folda BARUA, chini nikaandika BARAU. Mashine haijui BARAU. Ikaona jina tupu, ikaanza kufuta kuanzia mzizi wake yenyewe, folda inayobeba folda zote! Nicanor akaruka akazima umeme. Tumechelewa. Hati za makontena kumi na moja zilikuwa humo, moja la dawa za zahanati, na yote yatoke bandarini Ijumaa.
Bi Kafedha hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Matano, mwanangu," akasema, "kesho saa kumi nazitaka hati zangu. Zisipokuwapo, usije tena hapa kunipa shikamoo."
Nikajiona napalilia mihogo ya baba kule Shika Adabu.
Alipotoka, Nicanor akafungua kabati lake, akatoa tepu. Ameinakili mashine yote asubuhi hii, kabla sijafika. Nikamuuliza nani alimwambia.
"Hakuna," akasema. "Nakujua tu."
Nililia. Naandika wazi, daftari ni langu.

Alhamisi, 5 Septemba
Alhamdulillahi! Tepu imesomeka. Kufikia saa nane hati zote zimerudi. Bi Kafedha akauliza nani kaziokoa. Nicanor akasema tumezirudisha pamoja. Pamoja! Mimi nilimshikia tochi tu nyuma ya mashine. Na mtu huyu nimemsengenya mwezi mzima.
Nikamnunulia mahamri kwa mbaazi. Alipomaliza kula akasema tuketi, tuiandike upya. Kwanza iisimamishe seva. Kisha ionyeshe orodha ya vitakavyofutwa, bila kugusa kitu. Kisha iulize. Jina likiwa tupu, isimame papo hapo. Ndipo ifute faili, na akaunti ya seva, na ule mstari unaoiamsha kila mashine inapowashwa. Mistari sitini na miwili! Niliionea haya ile yangu kumi na minne. Nikashukuru hata kwa haya hiyo.

Ijumaa, 6 Septemba
Imeondoka! Hatukuona hata uzi. Seva mpya inapeleka barua, ofisi ya Nairobi imejibu. Makontena yametoka, la dawa la kwanza. Msikitini nilimwombea Nicanor, Mkristo wangu. Alasiri Bi Kafedha akatangaza kwamba msimamizi ni Nicanor. Wallahi nilipiga makofi kuliko wote. Viganja vinawaka mpaka sasa.

Jumatatu, 9 Septemba
Moyo wenye shukrani haukai bure. Ofisi moja ya mizigo huko Airport ina mashine kama yetu, na programu kuukuu wasiyoitaka. Walimwomba Nicanor. Nikamwambia apumzike, hii nitambebea mimi. Akasema tungoje, twende sote keshokutwa. Hapana! Shukrani ya kweli haimsumbui mtu. Nimekuja leo peke yangu.
Skripti yetu nimeipunguza kidogo, maana hawa ni watu wa haraka. Maswali yote nimeyatoa. Bwana Mwidani, mkubwa wao, ameniuliza kama anakili chochote kwanza. Nikamwambia kunakili ni kwa watu wasiojiamini. Amefurahi sana, ameagiza chai ya iliki na kaimati. Nimebonyeza, nami nimeketi nanywa huku mashine ikifanya kazi. Watu wakarimu hawa! Mungu awazidishie.