Nusu ya Shikamoo

Leo nimeaibika, jamani, na kilichoniaibisha ni salamu.

Asubuhi niliondoka Lushoto bila mpango. Kibarua cha kung'oa karoti kilikuwa kimekwisha na hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Nikapanda lori la kabichi lililokuwa likishuka Soni, kwa sababu ndilo lililosimama.

Mnaonifahamu mnaujua ugonjwa wangu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini maneno hayakuniacha. Nina kidaftari cha maneno ninayoyaunganisha mwenyewe. Mvukungu ni mvua ambayo haijaamua kama ni mvua au ukungu. Njachovu, yaani njaa na uchovu kwa pamoja, mnaijua, hamkuwa na jina lake tu. Leo, juu ya kabichi, nimeandika jipya: upweridi. Ni baridi ya mtu asiye na wa kumwambia, "Leo baridi." (Hilo halikunichekesha hata mimi.)

Soni nikashuka, nikaifuata kwa miguu barabara ya Bumbuli. Mvukungu wote ukaniishia mgongoni. Saa kumi nikafika kwenye vijiduka vinne, mahali nisipopajua jina, viatu vimejaa maji.

"Vyumba hapa anapangisha Mama Zaina peke yake," mwenye duka akaniambia. "Nyumba ile ya bati la bluu. Ukikosa kwake, kaka, Bumbuli ni mbali na magari yameshapita."

(Mama Zaina anaweza kuwa na miaka thelathini au themanini. Umri wa Zaina sikuambiwa.)

Uani nikamkuta mtu amenipa mgongo, anapasua kuni. Koti la mtumba lenye kofia, kanga imezungushwa hadi puani, na shoka linashuka kwa nguvu za binti. Chini ya upenu wanawake wawili walikuwa wanamenya viazi.

Hapo nikakwama. Ukimpa shikamoo wa rika lako, anakuuliza, "Mimi mzee wako?" Ukimpa mambo mtu mzima, huku milimani utaulizwa umelelewa na nani. Sasa kwa shida hiyo hiyo nilishatunga neno. Nilikuwa sijalijaribu kwa binadamu.

"Shikambo!"

Shoka likasimama hewani. Akageuka, akashusha kanga. Makunyanzi. Meno ya mbele hayapo. Rika la bibi yangu kabisa!

"Umesemaje?"

Mwenye akili angekohoa. Mimi nikafafanua.

"Ni shikamoo na mambo, bibi. Kwa mtu ambaye umri wake haujulikani. Yeye anajibu, 'Marapoa.'"

Mmenya viazi mmoja akaangusha kisu. Mwenzake akasema, "Shangazi, leo umepimwa umri kwa mgongo!"

Bibi hakucheka. "Mjukuu wangu," akasema taratibu (shoka bado mkononi), "kiazi kinakatwa. Kabichi inakatwa. Shikamoo haikatwi."

"Shikamoo, bibi."

"Hiyo imeshapoa."

Wakahamia Kishambaa. Nilichoambulia ni "shikambo" mara tatu, na kila mara kicheko. Wakati huo mvukungu ukaamua kuwa mvua. Nikasimama pale, naloa, nawaza kwamba nimejinyima kitanda kwa neno moja. Mwisho nikaomba chumba, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

"Kipo," akasema. "Lakini ni nusu."

Nikadhani ni maneno ya hasira. Akafungua mlango. Nusu moja kitanda. Nusu ya pili magunia ya viazi hadi darini, na kuku ameatamia pembeni.

"Ulipenda vitu vya kuchanganya," akasema, akaondoka.

Nikakaa kitandani na njachovu yangu. Nilijiapiza kutotoka hadi asubuhi. Giza lilipoanza kuingia, mlango ukagongwa.

"We Nusu! Njoo ule."

Nikaruka, nikafungua, nikainamisha kichwa. Nikaitoa nzima, hakuna herufi iliyobaki:

"Shikamoo, bibi!"



"Marapoa," akajibu. "Leo baridi. Sogea jikoni."

Nyuma yake, jikoni, wale wawili nusura waingie kwenye sufuria kwa kicheko.

Nimeshakula, nawaandikia huku kuku ananikodolea macho. Tafadhali msinicheke. Mkishindwa kabisa, chekeni nusu.