Nani Atamsimamia Petro Mabruki?

Jumanne, 2 Julai
Jumapili ni Siku ya Mababu hapa kanisani Frere Town. Majina ya watumwa walioachwa huru husomwa kutoka daftari la ubatizo, na kila jina likitajwa ukoo wake husimama. Miaka thelathini na mmoja tangu nitoke Mwingi kuja kazi ya bandari, sijasimama hata mara moja. Jirani yangu Griffin husimama mara tatu! Kisha huketi polepole ili tumwone. Baadaye koo zote hula pilau pamoja. Mimi hurudi nyumbani kwa chai na mkate. Tangu mke wangu afariki, kiti cha pili nakiwekea magazeti.

Mwaka huu nitasimama. Haki ya Mungu!

Alhamisi, 4 Julai
Kwa Janice, karani wa kanisa. Nimemwambia naandika historia ya mtaa. Kaniamuru ninawe mikono, nitumie penseli, nisilambe kidole nikifunua kurasa. Nikalamba. Kaninyang'anya daftari. Nikaomba radhi.

Nimempata! Petro Mabruki, amebatizwa 1889. Janice asema hana wa kumsimamia. Maskini! Yeye hana mtu, mimi sina mtu. Kaniuliza kama nataka na daftari la mazishi. La nini? Huzuni ninayo ya kutosha.

Jumamosi, 6 Julai
Nimechora ukoo wetu kwenye karatasi ya manila. Petro alihamia Mwingi, akaoa, akapata watoto tisa. Griffin kapita, kachungulia, kaondoka. Kijicho hicho!

Jumapili, 7 Julai
Aibu. Jina likasomwa, nikasimama na suti yangu ya harusi, nikatangaza kuwa huyu ni babu yake mama, baba wa watoto tisa. Griffin akauliza, kwa upole wake wa kinafiki, kama hao tisa aliwapata kabla ya kufa au baada. Maana daftari la mazishi lasema alikufa akiwa na miezi mitatu.

Kanisa zima kicheko. Hata mchungaji! Nikatokea mlango wa nyuma.

Jumatano, 10 Julai
Hodi. Bi Margret, miaka themanini na nne. Nikamwamkia shikamoo, nikingoja kusutwa. Kumbe Petro ni kaka wa bibi yake. Kwao walimsahau kwa kuwa alikufa mchanga. Asema niliposimama alilia, na Jumapili nikale kwake. Kiti changu kipo.

Alipoondoka nikalia mimi. Lini mtu aliniwekea kiti?

Jumapili, 14 Julai
Sikwenda. Kazi! Juzi Janice kanipa daftari la mazishi, nikalisoma lote, kidole kikavu. Yakobo Songoro, amefariki na miaka sabini na miwili. Hana wa kumsimamia! Huyu Griffin atamcheka vipi?

Bi Margret kapiga simu mara mbili. Wanangoja, pilau inapoa. Nimemwambia nina shughuli ya kifamilia.

Nimeondoa magazeti kwenye kiti, nikaweka manila mpya. Nakula mkate. Babu Yakobo, mwaka ujao watatukoma!