Gharama ya Kila Ajali Isiyotokea

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa nne sasa tangu niwe Mratibu wa Elimu ya Usalama wa Baiskeli hapa manispaa. Nina chumba chenye dirisha! Zamani nilikuwa masjala, chini kabisa, ngazi kumi na tisa kuelekea gizani, mimi na mafaili na panya mmoja mzee. Sirudi huko. Ng'o!

Leo nimetiwa kiwewe. Mhasibu, yule tunayemwita Kalamu Nyekundu, kaleta barua ya Kamati. Fedha za umma zimetumika, na Ijumaa Kamati itaamua kama mradi unaendelea au unafungwa. Ukifungwa, narudi chini. Swali lao ni moja tu: kila ajali iliyoepushwa imegharimu kiasi gani?

Nikamwambia hiyo ni hesabu ya darasa la tatu. Ajali za mwaka jana, toa za mwaka huu, gawanya. Akatabasamu. Sipendi anavyotabasamu.

Mwaka huu hatuna ajali hata moja. Nimevimba kichwa mchana kutwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda zahanati kutafuta ajali za baiskeli za mwaka jana. Muuguzi kafungua daftari, kapekua, kalamba kidole, kapekua tena. Hakuna. Nikamsihi aangalie vizuri. Yupo aliyeumwa na nyuki, yupo aliyebanwa kidole mlangoni. Wa baiskeli hayupo. Nikauliza kama huyo wa nyuki hakuwa juu ya baiskeli. Kasema alikuwa chooni.

Sifuri kutoa sifuri. Nikagawanya gharama yote ya mradi kwa sifuri. Kikokotoo kikaandika herufi moja, E, kikagoma. Nikaazima cha chumba cha pili. Nacho kikagoma. Sielewi! Watu hawakuanguka kabla, hawakuanguka baadaye. Kofia ngumu mia mbili tumenunua, filimbi tumenunua, fulana za kung'aa tumenunua, bango la mita sita tumetundika. Sasa kosa liko wapi?

Jioni nikamwendea shemeji, kaka wa mke wangu, fundi baiskeli. Nikamwomba kwa unyenyekevu akubali kwamba mwaka jana alianguka. Mara nne tu, si nyingi. Kaniuliza, fundi anayeanguka nani atamletea baiskeli yake? Nikashuka hadi mara mbili. Kanionyesha njia kwa bisibisi.

Undugu umekwisha duniani.

Jumatano, 5 Machi

Kwenye jedwali, palipoandikwa ajali za mwaka jana, nimejaza: "nyingi kiasi". Haikupita dakika kumi, Kalamu Nyekundu karudisha, kazungushia duara jekundu, kauliza kiasi gani. Nikamjibu kwamba ajali ni jambo la uchungu, si utu kuzihesabu. Kaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti wa Kamati. Mchongezi!

Mwenyekiti ni mama mmoja mpole, anaongea polepole mpaka unasahau alianzia wapi. Kaniita. Kasema takwimu zangu zinamchanganya, basi Kamati ijionee kwa macho. Kesho saa nne, hapo uani, Mratibu mwenyewe aendeshe baiskeli kwa usalama mbele yao. Nikasema bila shaka, mama. Mdomo wangu huu!

Siri ambayo hata mke wangu haijui: sijui kuendesha baiskeli. Mradi mzima sikuwahi kuhitaji kujua. Tulifundisha kwa bango. Baiskeli yenyewe ilikuwamo kwenye bajeti, nikaifuta ili filimbi zitoshe.

Jioni ikabidi nimwambie. Kacheka hadi kashika ukuta. Kisha kaazima baiskeli kwa kaka yake, akanisukuma nyuma ya nyumba huku ameshika tandiko. Nikaenda mita saba! Halafu ananishauri eti niseme ukweli: mji hauna ajali, hiyo ni habari njema, Kamati ni watu, wataelewa. Habari njema! Huyu hajawahi kukaa masjala.

Alhamisi, 6 Machi

Kofia ngumu kichwani, fulana ya kung'aa, filimbi mdomoni. Kamati imekaa viti vitano, kivulini mwa bango la USALAMA KWANZA. Nikapiga moyo konde.

Mita saba za mwanzo, safi kabisa. Ya nane nikakumbuka kwamba jana hatukufika ya nane. Breki nilijua zipo, sikujua zipo wapi. Nikapiga filimbi. Nguzo ya bango haikunipisha.

Bango likaporomoka, mita sita zote zikaifunika Kamati. Mwenyekiti kachubuka goti, mimi nimeteguka kifundo cha mguu. Muuguzi yuleyule kaja na daftari lake, kaniandika, kasema kwa furaha kwamba hatimaye amenipatia niliyekuwa namtafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia kikaoni kwa mkongojo, moyo juu. Angalau sasa ajali ipo!

Kalamu Nyekundu kasoma jedwali. Kabla ya mradi, ajali sifuri. Baada ya mradi, ajali moja, majeruhi wawili. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikasema basi elimu inahitajika zaidi. Hakuna aliyenitazama. Mwenyekiti, bandeji gotini, kasema polepole kwamba hii ndiyo ajali ghali kuliko zote alizowahi kusikia: mji umelipia mradi mzima ili kuipata.

Mradi umefungwa. Nimelia chooni. Naandika hapa tu.

Jumatatu, 10 Machi

Masjala. Ngazi kumi na tisa kwa mguu mmoja. Panya yupo, kanenepa. Chumba changu chenye dirisha kachukua Kalamu Nyekundu, na zile kofia mia mbili kanishushia mimi nizitunze.

Lakini nimeketi, nimezitazama hizi ngazi. Hazina cha kushikilia. Balbu ni moja. Nimeuliza wazee wote wa ofisi: hajaanguka mtu hapa hata siku moja. Moyo ukanidunda! Nimeshaanza kuandika: Mradi wa Elimu ya Usalama wa Ngazi. Mratibu, mimi. Kofia tayari zipo.

Na safari hii sirudii kosa. Ajali kwanza, mradi baadaye. Nimempigia shemeji apite kesho saa tatu, avae viatu vinavyoteleza. Kakata simu.

Basi nitaanguka mwenyewe. Mara nne tu, si nyingi.