Ombi la Uchaguzi Usiokwisha

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi,

Pole na kazi. Nilikuona kwenye televisheni ya jirani ukitangaza matokeo, macho yako mekundu kama ya mtu aliyemenya vitunguu usiku kucha. Mimi na wenzangu tunakutakia afya njema na usingizi wa kutosha, kwa sababu tunataka uirudie kazi hiyo haraka iwezekanavyo.

Nijitambulishe. Mimi ni baba wa watoto watatu, mume wa msusi, na kwa miaka mingi nilikuwa mkaguzi wa magodoro katika kiwanda cha mji wetu. Kukagua godoro, Mheshimiwa, ni kulilalia. Unavua viatu, unalala chali, unageukia ubavu, unatulia kidogo, kisha unainuka na kugonga muhuri. Nililipwa kwa kulala na nikapandishwa cheo kwa kulala. Kwa hiyo mdororo wa uchumi ulipoingia, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kugutuka. Watu hawakuacha kulala, ila waliacha kununua. Godoro likibonyea waliligeuza upande wa pili, na upande wa pili ukibonyea walilikata katikati wakawapa watoto nusu. Kiwanda kilifungwa nikiwa juu ya godoro. Mlinzi ndiye aliyenigusa bega akasema, "Mkaguzi, amka. Wamezima mitambo."

Waziri wa Fedha alieleza redioni kwamba uchumi haujaanguka, umepumzika tu. Kwa kuwa kupumzika ndio utaalamu wangu, nilimwamini. Lakini duka la kona likaanza kuuza mafuta ya kula kwa kijiko, na sabuni ikawa inakatwa kwa uzi vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Wateja wa mke wangu wakaanza kusukana wenyewe kwa wenyewe. Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu, aliendelea kufundisha bila mshahara na kula kwetu bila kuchoka. Mama mkwe alikuja kutusalimia kwa wiki moja, nauli ikapanda kabla hajafunga mzigo, na mpaka leo anatusalimia.

Ndipo ulipotangaza uchaguzi. Sisi wafanyakazi wa zamani tulikuwa bado tunakwenda getini kila asubuhi, kwa mazoea tu, tunasimama na kulitazama kufuli. Siku hiyo lori likasimama mbele yetu na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Nyie mna kazi?"

Tukasema hatuna.

"Makofi mnajua kupiga?"

Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyewahi kuulizwa ujuzi huo kwenye usaili. Tukapanda. Jioni nilirudi nyumbani na kofia, fulana, unga na posho kidogo mfukoni, na mke wangu akanipokea mlangoni kama anavyopokelewa mtu aliyetoka kazini. Sikuwa nimepokelewa hivyo tangu mitambo izimwe. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma malalamiko yangu, ambayo ni haya yafuatayo:

1. Kampeni zilikuwa fupi mno. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeteuliwa kiongozi wa makofi wa lori letu. Usidhani ni kazi ya mikono peke yake. Lazima ujue mgombea atavuta pumzi wapi, uwahi kabla hajakohoa. Ukichelewa, watu wanasikia alichosema, na hilo ni hatari kwa chama. Isitoshe, barabara yetu ilikuwa inawekwa lami kwa ajili ya msafara. Lami ilifika mbele ya bucha, kampeni zikafungwa, mafundi wakakusanya mashine zao wakaondoka. Kama ungetuongezea wiki moja tu, ingefika mlangoni kwangu.

2. Tume haikuweka utaratibu wowote kwa sisi tuliofanya kazi pande zote mbili. Asubuhi tulikuwa wa chama cha Ndoo, mchana wa chama cha Ngazi, lori lile lile na dereva yule yule. Ili kuokoa muda tulivaa fulana mbili, moja juu ya nyingine, na kwa joto lile nilipungua mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Siku moja mgombea wa Ngazi akataka kumpandisha jukwaani mwananchi wa kawaida. Akanichagua mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa natoka jasho kuliko wote. Akaniwekea mkono begani.

"Mzee wangu, waambie ndugu zako, nani atatutoa kwenye shida hii?"

Nami kwa utii wote, mbele ya kipaza sauti, nikajibu, "Ndoo!"

Mgombea hakuondoa mkono begani mwangu, ila vidole vyake vilianza kunibana. Akasema, "Mnaona? Njaa imewachanganya wananchi mpaka hawajui wanalosema." Nikapiga makofi. Uwanja mzima ukanifuata. Kwa maoni yangu niliokoa mkutano ule, lakini posho yangu ya siku hiyo ilikatwa.

3. Kazi hii imeniletea madhara nyumbani, na sheria yako haisemi lolote kuhusu fidia. Mama mkwe alinitazama kwenye taarifa ya habari nikiwa Ndoo, na kabla taarifa haijaisha akaniona tena nikiwa Ngazi. Akazima televisheni ya watu.

"Mkwe wangu, wewe uko chama gani hasa?"

"Mama, mimi niko kazini."

Tangu siku hiyo sahani yangu anaipakua mwisho. Baya zaidi ni mikono. Imezoea. Mtu akinyamaza tu, inagongana. Mke wangu alimfokea mtoto, akatua kuvuta pumzi, nikapiga makofi. Nililala sebuleni siku mbili. Kisha tukamzika fundi bomba wa mtaa wetu, mtu mwema aliyekufa kwa homa kwa sababu zahanati ilikuwa na rangi mpya ya kampeni lakini haikuwa na dawa. Kaka yake alisimama kusema maneno ya mwisho, machozi yakamkaba, akanyamaza. Mheshimiwa, nilianza mimi. Lori letu zima lilikuwa pale, likanifuata. Tulimpigia marehemu makofi ya nguvu, na mmoja wetu akadai aongezewe miaka mitano. Mjane alituangalia. Nimejaribu kuisahau sura yake na sijaweza.

4. Tume iliruhusu ushindani usio wa haki. Namzungumzia mpishi wa kantini yetu ya zamani kiwandani, mama aliyetulisha miaka yote na aliyepoteza kazi siku ile ile tuliyopoteza sisi. Aligombea udiwani bila chama. Hakuwa na kofia wala fulana, lori ndilo kabisa. Alisimama getini juu ya kreti la soda, tena asubuhi, muda ambao sisi tunasubiri usafiri. Hakuahidi ajira. Alisema, "Kiwanda sitakifungua, sina ufunguo. Lakini dawa za zahanati yetu zinatolewa bohari kila mwezi, na hapa hazifiki. Nataka kuingia kwenye kikao niulize zinashukia wapi. Nikijibiwa nitakuja kuwaambia, na nisipojibiwa pia nitakuja kuwaambia." Kisha akatuuliza sisi tunasemaje, akasikiliza. Watu walibaki mpaka mwisho bila kulipwa hata senti. Dereva wa lori alipiga honi mpaka akachoka. Ukiruhusu wagombea wa namna hii, soko la makofi litakufa, na sisi tuliojiendeleza kitaaluma tutakwenda wapi?

5. Uchaguzi ulikuwa na matokeo. Hili ndilo lililotuumiza kuliko yote. Ulipotangaza tu, simu ya dereva ikazimwa. Ndoo na Ngazi, walioitana wezi na wauaji mbele yetu huku tukiwashangilia wote wawili, wakapeana mikono na kuunda serikali moja, wakisema nchi iko kwenye mdororo na huu si wakati wa kugombana. Kumbe mdororo upo. Waliugundua walipomaliza kugawana wizara. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuongeza kodi ya unga, ya pili kutuomba subira. Siku hizi mtaa mzima unavaa zile fulana, maana ndizo nguo pekee ambazo hazijachanika. Ukitupita barabarani utadhani kampeni zinaendelea, mpaka utuangalie usoni.

Kwa sababu hizo, naomba Tume yako ifanye uchaguzi mkuu kila baada ya miezi mitatu, na ikiwezekana pasiwe na nafasi kati ya mmoja na mwingine. Wapiga makofi tuajiriwe rasmi, tuwe na likizo, bima ya viganja na pensheni. Asitangazwe mshindi. Useme tu kwamba bado mnahesabu. Bunge livunjwe moja kwa moja, kwa sababu kila linapokutana kampeni zinasimama na lami inakatikia kwa bucha. Nimepiga hesabu: kwa mwendo huu barabara itafika kwangu mwaka wa pili, zahanati itapakwa rangi mara nane, na hakuna mtu atakayepata nafasi ya kututawala. Sioni tutapoteza nini.

Najua watakuja wasomi wakuambie kwamba nchi haiwezi kuishi kwa ahadi. Waambie waje wanione. Nimeishi kwa ahadi msimu mzima na nilikuwa nakula mara mbili kwa siku. Nilipoanza kuishi kwa matokeo, nikarudi kula mara moja kwa siku.

Nakusalimu kwa heshima zote. Wasalimie makamishna wako, karani aliyekuwa anasinzia nyuma yako siku ya matokeo (mwambie mto wake wa kiti umebonyea upande wa kushoto, nilimwona anavyoinama), na mama watoto wako. Mke wangu anakusalimu. Shemeji anakusalimu na kuuliza kama Tume inaajiri. Mama mkwe hajasema nikusalimie, lakini hajakataza.

Wako mtiifu, wa Ndoo na wa Ngazi,

Mkaguzi wa Magodoro (aliyepumzishwa)

Tanbihi: Ukikubali ombi langu, tafadhali nchi nzima irudie uchaguzi isipokuwa kata yetu. Yule mpishi alishinda, kwa tofauti ya kura chache ambazo waliozipiga ukiwaketisha watatosha kwenye mabenchi mawili. Juzi alikuja getini kama alivyosema. Alikuwa hajajibiwa, amefukuzwa kikaoni, na wiki ijayo anarudi kuuliza tena. Nilimpigia kura mimi mwenyewe, na mke wangu hajui kwamba siku hiyo lori la kubeba wapiga kura wa Ndoo lilinisubiri, sikwenda. Lakini Mheshimiwa, mimi najijua, na hali ya jikoni kwetu naijua. Tukirudia, na lori likaja, nitapanda.