Choo cha Elimu cha Kijiji cha Xiaoliu

"Kuanzia leo, hakuna mkulima wa Xiaoliu atakayejisaidia bila elimu!"

Tangazo lilitolewa na Katibu Qiao Shoutian wa Kamati ya Kuwaamsha Wanakijiji, na halikuwa mzaha. Darasa la kisomo lilikosa watu majira yote ya baridi, ilhali choo kipya cha mfano, chenye vigae na dirisha, kila mtu alikitamani. Katibu akaviunganisha. Ubao ukatundikwa mlangoni, kila asubuhi neno jipya. Ukilisoma, unaingia. Ukishindwa, rudi bandani kwa nguruwe ulikozoea.

Mlinzi alikuwa mjane Geng, aliyejua maneno mia mbili, na neno "huruma" halikuwamo.

Ndipo akaja Mkaguzi Lu kutoka mji mkuu wa jimbo. Njiani alikuwa amebugia mikate saba ya nyama ya punda na chai iliyolala. Akashuka mkokotenini kwa hatua fupifupi, moja kwa moja chooni.

"Soma kwanza, mheshimiwa," alisema Mama Geng, ufagio umeziba mlango.

Ubaoni palikuwa na neno "mtu" kwa Kichina: mistari miwili tu, kama miguu iliyotanuliwa.

"Nimesahau miwani."

"Ipo puani."

"We mama, unajua mimi ni nani?"

"Ndicho kilichoandikwa hapo. Soma."

Katibu Qiao akajipenyeza. "Mt..."

"Kunong'onezana marufuku! Kanuni ya sita. Uliitunga mwenyewe, Katibu."

Mkaguzi akatimua mbio hadi banda la jirani. Nguruwe wakapiga yowe, kisha kimya. Alirudi baadaye sana, na kiatu kimoja.

"Andika amri!" alimfokea Qiao. "Kizee huyu afukuzwe. Choo kifungwe. Na wewe kazi huna!"

Qiao alishika brashi. Miaka minne ya jasho, iishie bandani? Akaandika taratibu, akapuliza wino, akaisogeza karatasi. Mkaguzi akaipitia kwa makini, juu chini, akaguna kwa kuridhika, akagandamiza dole gumba la wino chini yake.

"Amri husomwa hadharani," alisema Qiao. "Mama, tafadhali."

Mjane akapitisha kidole. "'Mama Geng... awe... mwalimu mkuu. Choo... kiendelee. Mimi, Mkaguzi Lu... nitaanza... darasa la kwanza... kesho.'"

"Uongo! Sikusema hivyo!"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwanangu," alisema Mama Geng, akimpa karatasi mbele ya kijiji kizima. "Kama nimekosea, tusomee wewe."