Deki Kabla ya Adhuhuri

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Zeyana, binti wa marehemu kaka yangu, amekuja kugawa kazi za harusi. Mwanawe Shahad anaolewa Ijumaa ijayo. Nikaha hapa Bagamoyo, kisha msafara hadi Mapinga kwa mume.

Nikasema bibi harusi nitambeba mimi, kwenye Pijo langu.  Zeyana akasema, "Ami, bibi harusi habebwi kimya kimya kama maiti."

Kumbe Hamed, shemeji yake, ameshajitolea. Gari la Hamed lina muziki unaofika kabla halijakata kona. Pijo lina redio inayoshika stesheni moja, kwa upande wa kushoto tu, gari likiwa limesimama.

Nimetoa ahadi. Kufikia Alhamisi, Pijo litakuwa na muziki kumshinda Hamed. Zeyana akasema tutaona. Tutaona ya Zeyana maana yake ni hapana. Lakini nimekaa Maskati karibu umri wangu wote nikitafsiri barua za wafanyabiashara. Najua pa kupenya kwenye hapana.

Jumapili, 20 Aprili

Upelelezi. Nimemkuta Hamed nje ya msikiti baada ya adhuhuri. Alinipa shikamoo kutoka ndani ya gari, bila kupunguza sauti. Nikajibu marahaba. Haikusikika. Nikarudia. Haikusikika. Nikaacha.

Niliomba nionyeshwe mitambo. Alifurahi mno, jambo lililoniharibia raha ya upelelezi. Akaiunganisha simu yangu na gari lake kwa blutuuthi, ili nisikie kasida niliyokuwa nayo. Sauti safi kabisa. Sikujisikia vizuri hadi magharibi.

Jumatatu, 21 Aprili

Kwa Najim, fundi wa muziki wa magari, uwanja ulio nyuma ya soko. Nilisema nataka deki. Akasema siku hizi inaitwa redio tu, mzee wangu. Nikamfafanulia: redio ni kitu cha kupokea mawimbi; deki ni chombo chenyewe, kinachokaa kwenye dashibodi. Alikubali, kwa upole wa mtu mwenye kazi nyingine inayomsubiri.

Nilitaka udi na fidla visikike kama mtu amekaa navyo sebuleni. Najim akasema muziki ni besi. Tukabishana. Besi imeshinda. Sabufa itakaa kwenye buti, kwa hiyo tairi la akiba halina tena nafasi. Nimelileta nyumbani. Liko sebuleni, chini ya rafu ya vitabu. Halichukizi.

Jumanne, 22 Aprili

Spika za milangoni zimefungwa. Mlango mmoja sasa haufungi na mwingine haufunguki. Najim anasema watazoeana.

Alasiri, nikiwa nyumbani, nimempigia simu kujua maendeleo. Nikatumia nafasi hiyo kueleza maoni yangu. Kwamba gari la Hamed ni kabati la vyombo linalotikiswa. Kwamba Hamed mwenyewe hawezi kutofautisha udi na mluzi wa birika. Sikusikia jibu. Nikadhani ni mtandao. Nikapaza sauti na kuyarudia yote, kwa mifano.

Hamed alikuwa ameegesha langoni kwangu, amemleta Zeyana na masufuria ya harusi. Simu yangu ilikuwa bado inalikumbuka gari lake. Maoni yote yalitoka kwenye spika zake. Kicheko cha Najim pia.

Hamed akaingia na sufuria kubwa kichwani. "Shikamoo mzee wangu," akasema. "Birika linakusalimu."

Nikasema marahaba. 

Jumatano, 23 Aprili

Amplifaya chini ya kiti changu, sabufa kwenye buti. Tumejaribu kwa kutumia simu ya Najim. Kioo cha nyuma kilitetemeka. Mbuzi wa jirani walihama. Nilihisi kitu kifuani. Najim alisema ndiyo besi. Mimi nilidhani ni furaha.

Kimebaki kitu kimoja, deki, ambayo itafika kesho asubuhi kutoka Dar. Pijo limelala uwanjani, limejaa tope la masika. Funguo ziko kwa Mwishehe, mwosha magari wa hapo hapo. Yeye na Najim wanatumia simu moja ya kazi.

Baada ya isha nimetuma ujumbe kwenye simu hiyo. Watu wa siku hizi huandika kama wanaomwaga maji. Mimi ni mtu wa enzi ya telegramu. Nimeandika: PIJO. DEKI. KABLA YA ADHUHURI.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefika uwanjani asubuhi. Najim hayupo, amekwenda msibani Miono. Deki bado iko njiani. Pijo milango yote wazi, hata ule usiofunguka. Linachuruzika maji.

Mwishehe alikuwa amesimama kando yake na ndoo, uso umekunjuka. Alinieleza kazi yake kwa mpangilio mzuri. Tope lilikuwa limeganda, hivyo akapiga deki mara mbili: sakafu, viti, buti. Lile boksi kubwa la kwenye buti alilisugua kwa sabuni ya unga, nje na ndani. Chini ya kiti alikuta kisanduku cha chuma chenye vumbi. Akakielekezea mpira wa maji mpaka maji yakatoka meupe.

Nikamwuliza alikuwa anafikiri nini.

"Mzee, umeandika deki, nimepiga deki," akasema. "Ungeandika osha, ningeosha."

 Kilugha yuko sawa. Maneno hayo mawili nimeishi nayo tangu utotoni, deki ya kupiga na deki ya kufunga, na sikuwahi kuyaona yakikutana.

Najim amerudi alasiri. Akafungua kisanduku, akakiinamisha, maji yakamwagika. Akaunganisha hivyo hivyo. Sabufa ilitoa sauti moja, kama ngamia anayeamshwa, halafu moshi mwembamba. Deki mpya imefungwa. Inawaka taa za buluu. Sauti hakuna.

Zeyana ameamua. Shahad atapanda kwa Hamed. Mimi nitabeba masinia ya halua, pamoja na Bi Mwanaharusi, somo na kungwi wa bibi harusi, ambaye hapendi kelele. Aliyasema yote bila ukali, na hilo ndilo baya zaidi. Alipoondoka nilikaa kidogo sebuleni, juu ya tairi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nikaha baada ya sala ya Ijumaa. Alasiri msafara ukajipanga. Hamed mbele, maua kwenye boneti, muziki juu. Mimi mwisho. Bi Mwanaharusi kiti cha nyuma, amekalia mfuko wa nailoni kwa kuwa viti havijakauka, masinia yamemzunguka.

Shahad akatoka. Akalipita gari la Hamed. Akayapita mengine yote. Akafungua mlango wa mbele wa Pijo na kuingia, akachukua sinia moja akalipakata.

Zeyana alikuja mbio, ameinua baibui lisiguse tope. Shahad akamwambia kwamba hajapata usingizi wiki nzima kwa ngoma za wageni, kichwa kinampasuka, na kwamba kama si gari hili haendi popote. Hamed akauzima muziki papo hapo. Alishachelewa. Wakanipanga mbele.

Tumetoka Bagamoyo kimya. Wipa tu. Bi Mwanaharusi alilala kabla ya Zinga.

Baada ya Zinga Shahad akauliza harusi ya bibi yake, mke wa kaka yangu, ilikuwaje. Nikamwambia sikuwepo, nilikuwa Maskati. Akauliza, na ya mama? Maskati pia. Kaka alikuwa akirekodi na kunitumia kaseti kwa mkono wa wasafiri. Harusi zote za nyumba ile nimezisikia. Vyombo, wanawake wakicheka, mtoto analia, na kaka karibu na kipaza sauti akisema haya, sasa anatoka.

Akaliweka sawa sinia mapajani.

"Kwa hiyo hii yangu ndiyo ya kwanza kuiona, babu."

Nikasema naangalia barabara.

"Nitazame basi. Barabara imenyooka."

Nikamtazama. Ilikuwa imenyooka kweli. Kisha kulikuwa na tuta. Masinia mawili ya halua yalipinduka. Bi Mwanaharusi hakuamka.

Jumamosi, 26 Aprili

Tathmini. Bibi harusi amefika na nimemfikisha mimi. Zeyana amenishukuru mbele ya Hamed. Mtu mwingine angeuita huu ushindi na kutulia.

Mimi naona kasoro. Gari likiwa kimya, abiria huuliza maswali, na maswali ya aina ile hayamfai dereva aliye barabarani. Karibu na Kerege kioo kiliingia ukungu, upande wangu tu. Najim anasema ni unyevu wa viti. Nimekubaliana naye. Pangekuwa na muziki, hayo yote yasingetokea, na halua ingefika salama.

Adila, mdogo wake Shahad, anamaliza chuo mwakani. Anasema hana mchumba na wala hamtafuti. Kwa hiyo muda upo. Leo asubuhi nimekwenda kwa Najim na kumweleza mpango, kwa sentensi ndefu. Safari hii sabufa mbili. Akauliza ya pili itakaa wapi. Nimemwambia ang'oe kiti cha mbele cha abiria.