Wahudumu Waache Kumsemesha Mume Wangu

Kwa Mkuu wa Usalama wa Safari,
Kampuni ya Ndege.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima mezani pako, umeshapata chai na hakuna anayekuharakisha. Mimi ni mke wa rubani mkuu wa ile ndege yenu ndogo ya asubuhi. Tulifunga ndoa wiki saba zilizopita, na mpaka leo nikisikia funguo zake mlangoni moyo unaniruka kama wa mwanafunzi aliyeitwa mbele kupewa zawadi. Samahani kwa kuanza na mambo ya moyo, lakini bila hayo hutaelewa ukubwa wa madhara yanayotupata.

Nakuandikia kuhusu waraka wenu unaowataka wahudumu wa ndege waongee na rubani kwa uwazi, wamwambie kila wanachokitilia shaka, na wasimwogope. Mmesema ni majaribio ya miezi miwili, na kwamba mwisho wa mwezi huu mtaamua kama uwe wa kudumu, baada ya kupokea maoni ya wafanyakazi na familia zao. Mimi ndiyo familia. Maoni yangu ni kwamba waraka ufutwe, kwa sababu zifuatazo.

1. Unamshushia mume wangu hadhi. Kabla ya kila safari sasa anatakiwa kukaa na wahudumu dakika tano na kuwaambia, "Naweza kukosea. Mkiona jambo niambieni, hata kama mnadhani ni la kipuuzi." Nimemwona kwa macho yangu akiyafanyia mazoezi maneno hayo mbele ya kioo cha kabati, kofia kichwani, sauti ikimkwama kila akifika kwenye "kukosea". Nilikuwa nyuma ya mlango na shati lake mkononi, nikalia. Mama mkwe wangu ameniambia mwanawe hajawahi kukosolewa tangu akiwa anatambaa, na ndiyo maana ana mgongo ulionyooka vile.

2. Kuna mhudumu mmoja, kiongozi wa wenzake, ambaye huko kazini wanamwita Kengele. Wiki ya kwanza ya waraka, mume wangu aliwakaribisha abiria kwa ile sauti yake nzito, akawatakia safari njema na kuwatajia mji waendako. Kengele akafungua mlango wa chumba cha rubani: "Kapteni, huko ulikwenda jana. Leo tunakwenda upande wa pili." Mheshimiwa, mtu aliyeoa juzi kuchanganya mji ni dalili ya mapenzi, si kosa la kazi. Rubani msaidizi alikuwa amekaa pale pale ubavuni kwake, alisikia kila kitu, na akanyamaza kwa heshima. Kijana wa watu! Huyo ndiye wa kupandishwa cheo.

3. Wiki iliyofuata ndege ilikuwa imeshaanza kujongea kuelekea njia ya kurukia. Kengele akapiga simu ya ndani kusema mafuta yanachuruzika kutoka bawa la kushoto. Mume wangu akamjibu kwa upole, "Ni maji ya mvua hayo, dada." Zamani mambo yangeishia hapo, kila mtu na furaha yake. Lakini kwa kuwa waraka unamtaka mhudumu arudie mpaka aeleweke, Kengele akasema, "Kapteni, mvua haijanyesha tangu Jumapili, na maji hayanuki hivi." Ndege ikageuzwa. Fundi akakuta kifuniko cha tangi hakikufungwa, akakifunga, basi. Dakika hamsini zimepotea! Mimi nilikuwa nimepika, nimejipamba, nimekaa kwenye kiti kinachotazama mlango, na chakula kikapoa mbele yangu. Nauliza kwa nia njema: mtu anayegawa chai na mafuta ya ndege, wapi na wapi?

4. Hili naliandika kwa uchungu. Siku tuliyotimiza mwezi mmoja wa ndoa, Kengele alinusa harufu ya kuungua mkiani ndege ikiwa angani. Akapiga simu mara tatu. Mara ya kwanza mume wangu akasema, "Nimesikia." Mara ya pili, "Nimesikia, dada." Mara ya tatu Kengele akamwambia, "Hujasikia, Kapteni, maana bado tunapanda." Mume wangu akatua mji wa karibu. Kumbe ni waya mmoja tu uliokuwa unaungua nyuma ya jiko la kupashia chakula, mwembamba, wanasema haufiki urefu wa kidole. Kwa ajili ya waya huo mume wangu alilala hotelini na mimi nikakata keki peke yangu. Wifi yangu alikuja kunifariji, akasema, "Shukuru Mungu, wifi, mumeo yuko hai." Nilimwonea huruma. Yeye ameolewa miaka kumi na mmoja, ameshasahau.

5. Ugonjwa umeingia nyumbani. Sasa mume wangu akirudi hukaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mikono yote miwili na kuniuliza, "Mke wangu, kuna jambo unaliona ambalo mimi silioni?" Ni swali gani hilo la kumuuliza mtu anayekupenda? Yapo, tena mengi. Rafu aliyoipigilia jikoni imeinama mpaka nimehamishia sahani zote sakafuni. Akiegesha gari huligusa lango la jirani, na jirani ameshanipa salamu mbili za kumfikishia ambazo bado ninazo. Masharubu anayoyafuga yananichoma. Lakini sijamwambia hata moja, kwa sababu amani ya nyumba yetu imejengwa juu ya kutokumwambia. Juzi, akiniangalia kwa yale macho yake, nusura nifungue mdomo. Nilikimbilia jikoni kumkorogea chai, nikamwaga sukari.

Kwa hiyo naomba waraka ufutwe, na mahali pake uwekwe utaratibu wangu mimi, ambao nimeujaribu kwa wiki saba bila ugomvi hata mmoja. Mhudumu akiona jambo, asimwambie rubani. Anipigie mimi. Nauza miwani dukani, simu iko mkononi muda wote. Mimi nitapima wakati unaofaa, maana mume wangu haambiwi kitu kabla ya chai, haambiwi akiwa anaimba bafuni, na haambiwi kabisa siku timu yake ikifungwa. Moto, kwa mfano, ningemwambia Alhamisi akishakula, na ningeanza kwa kumsifu jinsi alivyotua.

Naomba pia Kengele ahamishiwe ndege ya mizigo, ambako hakuna atakayejali akikatizwa, na rubani msaidizi apewe cheti cha adabu. Mwisho, simu ya ndani ing'olewe kabisa kwenye chumba cha rubani, na pale ilipokuwa ibandikwe picha yetu ya harusi, ile ambayo ananitazama mimi wala hamtazami mpiga picha. Niko tayari kuileta mwenyewe ikiwa kwenye fremu.

Nakomea hapa, nikiwa na imani kwamba na wewe una mke, na unajua. Nisalimie katibu wako, walinzi wa lango, mafundi wote wa karakana, kijana wangu rubani msaidizi, na wahudumu mmoja mmoja. Hata Kengele msalimie. Sina kinyongo naye, nina mume tu.

Ni mimi mwenye furaha iliyoingiliwa,
Mke wa Rubani Mkuu.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mume wangu amerudi na zawadi yenu ya ndoa: tiketi mbili, yangu na ya mama yangu, safari ya Jumamosi, na yeye mwenyewe ndiye atakayerusha. Nimelia kwa furaha, kisha nimekaa chini nikafikiri. Naomba utaratibu wangu uanze Jumatatu. Jumamosi waraka ubaki kama ulivyo, neno kwa neno, na Kengele awe zamu, hata kama ilikuwa siku yake ya mapumziko. Yule kijana mwenye adabu apumzike nyumbani, mtuwekee rubani msaidizi msumbufu. Simu ya ndani ijaribiwe kama inaita vizuri pande zote mbili. Na mwambieni Kengele asisubiri mtu amalize chai, amkatize hata akiwa katikati ya kulitaja jina langu. Nampenda mno mume wangu, Mheshimiwa, ila mara hii na mimi nitakuwemo ndani.